Zoni ya Bi Mwanamkasi

Mtambo wa kengele za moto ulipofungwa katika nyumba ya marehemu mzee Uweso kule Raskazone, wa kwanza kukamatwa nao alikuwa mama mwenye nyumba. Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Bi Mwanamkasi alikuwa chumbani kwake, chini, upande wa nyuma, ameketi juu ya mswala na chetezo mbele yake, ubani unafuka, naye anawasomea Yasini wafu wake kama alivyofanya kila Alhamisi tangu usichana wake. Alipofika pale pa kuwataja kwa majina, kengele zote za nyumba zikaanza kupiga kwa pamoja.

Wageni wa ghorofani wakamiminika ngazini. Bwana Zabron, mtafiti wa vyura aliyekuwa akipanda milima ya Amani na kurudi kila wiki, alitokea uani na taulo kiunoni, povu la sabuni kichwani na kompyuta kwapani, akiuliza moto uko wapi. Moto haukuwapo. Aliyekuwapo ni bibi mtu mzima kwenye mlango wa chumba chake, mtandio umemlegea, tasbihi mkononi, akitazamwa na watu asiowajua utadhani kafumaniwa akiiba.

"Ni ubani tu," alisema Bi Mwanamkasi. "Niwieni radhi, wanangu. Ni ubani."

Najat, mkaza mwanawe, ndiye aliyeisimamia nyumba tangu ghorofa ya juu ilipofanywa ya wageni. Alizunguka kuwaomba radhi mmoja mmoja huku uso ukimwaka. Aliona aibu, na hasira ya aibu ile haikuuendea mtambo, ilimwendea mkwewe.

Alhamisi ya pili mambo yakawa yale yale. Ya tatu Bi Mwanamkasi alifukiza punje chache za kutia huruma, tena na dirisha wazi. Kengele zikalia. Mtambo haukujua kidogo wala kingi.

Aliyeufunga mtambo huo ni Nasri, mwanawe wa pekee wa kiume, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa amefunga kengele za moto katika maghala na hoteli za mjini Tanga. Watu husema mganga hajigangi, lakini Nasri alijiganga kwa sababu maalumu. Kampuni moja ya ujenzi ilitaka kuikodi ghorofa yote ya juu kwa ajili ya wahandisi wake, miaka miwili mfululizo, kwa sharti kwamba nyumba iwe na mtambo wa kisasa na afisa wao wa usalama aje aukague. Kwa watu waliozoea kungoja mgeni mmoja leo na mwingine mpaka Mungu apende, riziki hiyo ilikuwa ya kupokewa kwa mikono miwili.

Jioni ya Alhamisi ile ya tatu Najat alikuwa jikoni anakuna nazi, mumewe amesimama mlangoni.

"Baba Sele," alisema bila ya kuinua uso, "mimi simkatazi mama ibada yake. Lakini hao wahandisi hawatakubali kutolewa bafuni kila wiki."

"Ni Alhamisi tu."

"Tu? Bwana wa vyura kesho anahama. Kaniambia kwa heshima zote, na hiyo heshima yake ndiyo iliyoniumiza." Akakung'uta mbuzi. "Wifi Samiha yuko Pangani, ana nyumba kubwa, ana nafasi, na kengele hana. Mama akakae naye kidogo. Miaka miwili si mingi."

"Nani atamwambia?"

"Mama ni wako."

Mama yake aliwazalia watoto wake wote ndani ya nyumba ile, na jeneza la mumewe lilitokea mlango ule ule. Kumwambia aende Pangani kwa sababu ya ubani ni kumwambia kwamba wafu wake wamekuwa kero kwa wapangaji. Nasri alimpenda mama yake na kumwogopa kidogo. Alimpenda na mkewe vilevile, na kumwogopa zaidi. Mtu wa namna hiyo hutafuta njia ya tatu hata pale ambapo njia ni mbili.

Siku ya pili yake aliingia chumbani kwa mama yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, ule ubani..."

"Utakalolisema nimekwisha kulijua." Bi Mwanamkasi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Hebu niambie, fundi si wewe? Hicho kidude si umekileta wewe? Basi kifunze adabu. Kijue huu ni moto, huu ni ubani. Hata paka wa nyumbani ukimfunza hujua samaki gani wake na samaki gani wa mchuzi."

"Si rahisi, mama."

"Ingekuwa rahisi ningekifunza mie."

Nasri akacheka, na katika kucheka akajikuta ameahidi. "Haya, nitakifunza," alisema. Uongo wenyewe ulianzia hapo, na mwanzoni haukuwa na sura mbaya.

*

Mtambo wa namna ile si mgumu kuuelewa. Kila chumba kina sensa yake darini, na kila sensa ina namba yake, kama nyumba za mtaani. Moja ikinusa moshi, paneli iliyo ukutani pale mapokezi huandika jina la chumba hicho. Kisha fundi huzikusanya namba katika mafungu, na kila fungu wao huliita zoni. Kila zoni huipa amri zake: kengele zipi zilie, wapi, na saa ngapi. Kufunga waya ni kazi ya mikono. Kupanga zoni ni kazi ya akili, na pia ya dhamiri, kwa maana huko ndiko fundi anakoamua nani aamshwe na nani aachwe amelala.

Njia ya haki ilikuwapo, na Nasri aliijua. Zipo sensa zisizojali moshi, zinazongoja joto. Angeondoa ya chumbani kwa mama yake akaweka hiyo, akapanga upya zoni zote za chini. Lakini sensa ya kuagiza, na kazi ya kufumua kilichokwisha kufungwa, na mkaguzi anaweza kuja siku yoyote! Basi akachomeka kompyuta kwenye paneli, akakusanya pamoja chumba cha mama yake, ukumbi wa nyuma na kijichumba cha chini ya ngazi chenye bodi ya umeme, kwa kuwa ubani ulipita njia yote hiyo. Akaiita Zoni ya Nne. Kisha akaiamuru ilale kila Alhamisi, kuanzia alasiri mpaka baada ya isha. Sensa zinuse zikitaka, paneli isizisikilize. Funika kombe mwanaharamu apite.

Alhamisi iliyofuata Bi Mwanamkasi alitia punje moja ya ubani, akatazama juu. Akatia nyingine. Akatia ya kutosha. Nyumba ikatulia, na mama wa watu akasoma Yasini yake mpaka mwisho, akawataja wafu wake wote bila ya kumruka mmoja. Alipomaliza alimwita mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumwombea dua ndefu. Nasri aliitikia amini huku akitazama sakafu.

Lililomtesa zaidi ni yale majisifu. Bi Mwanamkasi hakuwa mtu wa kujisifu, lakini hili lilimshinda. Alilisimulia dukani, akalisimulia kwenye arusi ya jirani, akalisimulia msibani.

"Nasri wangu kakifunza," alisema. "Kinanusa, kinajisemea, aa, huu ni ubani wa Bi Mwanamkasi. Basi, kinanyamaza."

Wenzake walistaajabu. Mmoja aliuliza kama kinaweza kufunzwa pia pilau linaloshika chini ya sufuria, maana lake hushika kila siku.

Nyumbani kukawa na raha. Habari ya Pangani haikutajwa tena. Najat alimpikia mumewe kamba wa nazi, na siku moja Nasri alimkuta anasukwa nywele na mkwewe barazani, wanacheka kwa kitu ambacho hawakutaka kumwambia. Alitamani jambo lile liishe hivyo. Kila Alhamisi alikatiza kazi zake akarudi mapema, akakaa kwenye kiti ukumbini karibu na mlango wa mama yake, bisibisi mkononi, akijifanya anatengeneza soketi ambayo haikuwa na ubovu wowote. Alijiambia kwamba kengele ni yeye.

*

Afisa usalama wa kampuni aliitwa Beatrisi, mama wa makamo kutoka Lushoto, mpole wa sauti na mzito wa viatu. Alipiga simu kusema atakuja Alhamisi jioni. Nasri akamwomba iwe Ijumaa. Beatrisi akasema Ijumaa anakwenda kuangalia nyumba nyingine, na kama wao hawako tayari hakuna ubaya, aende huko kwanza. Ikawa Alhamisi.

Nasri alipanga kurudi mapema kuliko siku zote, aiamshe Zoni ya Nne kabla mgeni hajafika, na kumwomba mama yake angoje kidogo na ubani wake. Lakini siku ile alikuwa na kazi ghalani, na mwenye ghala alimkalisha akisubiri funguo. Alipopanda bodaboda kurudi, Beatrisi alikuwa amekwisha kufika na kunywa maji ya dafu aliyopewa na Najat.

Alianza juu. Alikuwa na fimbo ndefu yenye kopo la moshi wa majaribio kwenye ncha yake. Alipuliza chumba baada ya chumba, na kila alipopuliza kengele zililia na paneli ikaandika jina sahihi. Najat alimfuata nyuma akiwa na furaha asiyoweza kuificha. Wakashuka chini, wakabisha hodi chumba cha nyuma.

"Shikamoo, bibi. Naomba nipite nikague."

"Marahaba, mwanangu, pita." Bi Mwanamkasi alikuwa kwenye mswala, chetezo mbele yake. Akanyoosha kidole darini. "Wala usikiogope. Hicho kimefunzwa."

Beatrisi alitabasamu bila ya kuelewa, akainua fimbo. Moshi uliizingira sensa. Wakangoja. Alijaribu tena, akatoka akajaribu ukumbini, akafungua kijichumba cha bodi ya umeme akajaribu na huko. Kimya. Akaenda kwenye paneli, akabonyeza vitufe na kusoma. Nasri aliingia wakati huo huo, jasho linamtoka, na alipoona kidole cha yule mama kilipo akajua amechelewa.

"Fundi, Zoni ya Nne imelala."

"Ni ratiba tu, dada. Ya Alhamisi."

"Ratiba ya Alhamisi ya nini?"

Bi Mwanamkasi alikuwa amewafuata polepole akishika ukuta, kwa sababu magoti yake hayakuwa mazima. "Imelala maana yake nini?" aliuliza.

Beatrisi alimtazama Nasri, akimpa nafasi aseme mwenyewe.

"Maana yake, bibi," Beatrisi alijibu, "siku ya Alhamisi kuanzia alasiri, chumba chako kikishika moto, kengele hailii. Si chumbani, si ukumbini, si juu."

"Hakikufunzwa ubani?"

"Hapana. Kimeambiwa kisikusikie."

Najat alijishika mdomo. Bi Mwanamkasi alisimama pale, na bila shaka wale wote aliowasimulia walimpitia machoni, dukani, arusini na msibani, maana alijivutia mtandio usoni kama anayejificha. Kisha akamgeukia mwanawe. Hakupaza sauti.

"Alhamisi nikishikwa na moto, Nasri, nani angeniambia?"

"Mama, wallahi kila Alhamisi nilikuwa nakaa pale mlangoni. Hata Najat ni shahidi."

"Leo ulikuwa wapi?"

Chetezo kilikuwa bado kinafuka kule chumbani.

Beatrisi alikunja fimbo yake. "Sitaandika kwamba mmeshindwa," alisema. "Nitarudi Jumatatu. Lakini nitaanzia zoni hiyo hiyo."

*

Bi Mwanamkasi hakugomba. Ingekuwa heri angegomba, akarusha hata kikombe, yakaisha. Alichofanya ni kumpigia simu Samiha, tena mbele yao, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nitandikie kile chumba cha mbele. Jumapili nakuja, panapo majaaliwa. Hapana, siumwi. Nimewakumbuka tu."

Kisha akalitoa sanduku lake uvunguni, akaanza kukunja nguo. Najat alimletea chai, akasimama na sinia mkononi asijue aliweke wapi, maana kitanda chote kilikuwa kanga.

"Siondoki kwa hasira, mwanangu," Bi Mwanamkasi alimwambia. "Nyumba imekuwa ya biashara. Mie si biashara."

Najat ndiye aliyelitaka jambo hilo. Sasa lilikuwa limewekwa mbele yake, halina wa kulipinga, naye hakuweza kulipokea. Aliiweka chai dirishani, akatoka.

Nasri alimfuata jikoni. Alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu humtafuta wa kugawana naye. "Basi umefurahi," alisema.

Najat aligeuka. "Usinitupie mimi, Baba Sele. Mimi nilisema aende, nikasema kwa mdomo, mbele yako. Wewe umemwondoa huku yumo ndani."

Nasri alitoka akaenda kukaa barazani. Akakaa hapo mpaka waadhini wakaadhini.

*

Ijumaa baada ya swala alikwenda kwa Hosea, fundi mwenzake, akaazima sensa ya joto. Akarudi, akaingia chumbani kwa mama yake, akapanda juu ya kigoda na kuing'oa ile ya moshi. Bi Mwanamkasi alimpisha, akaenda kukaa uani, hakuuliza kitu. Kazi ya paneli ilimchukua mpaka jioni. Aliivunja Zoni ya Nne. Chumba cha mama yake akakipa zoni yake pekee, na amri moja isiyo na siku wala saa: sensa ikisikia joto, ilie nyumba nzima papo hapo. Ukumbi na kijichumba cha umeme akaviweka zoni nyingine. Ikinusa sensa moja, kilie kwanza king'ora kidogo cha jikoni, mtu aende akatazame. Zikinusa mbili, nyumba nzima. Alhamisi akaifuta.

Jumamosi asubuhi alimwita mama yake chumbani. Sanduku lilikuwa limefungwa, liko karibu na mlango.

"Mama, fukiza."

"Leo si Alhamisi."

"Nifanyie hisani. Fukiza."

Bi Mwanamkasi aliketi kitandani, akatia makaa, akatia ubani. Nasri alikuwa amefunga mlango na kufungua dirisha. Moshi ulipanda, ukaizingira sensa mpya, ukatandaa dari nzima. Nyumba ilikuwa kimya, na Nasri akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Umeona, mama?"

"Nimeona nini? Kimya?" Bi Mwanamkasi alimtazama. "Alhamisi zote zile kilikuwa kimya hivi hivi, na wewe ulikuwa unatabasamu hivi hivi."

Nasri akaanza kumweleza habari ya sensa ya joto.

"Sitaki kukisikia kikinyamaza," alisema mama yake. "Hilo nimekwisha kulisikia. Nataka nikisikie kikilia. Kinililie mie."

Nasri alikwenda chumbani kwake, akachukua mashine ya Najat ya kukaushia nywele, akapanda juu ya kigoda. Fundi yeyote, kabla ya kujaribu kengele, hutangaza nyumba nzima ijue. Yeye mwenyewe alikuwa akiwagombeza wengine kwa kusahau hilo. Siku ile alisahau, kwa sababu alitaka sana kusamehewa na hakuona kitu kingine. Aliielekeza ile mashine kwenye sensa, hewa ya moto ikapiga, ikapiga, mkono ukaanza kumuuma.

Kengele zikalia. Zililia chumbani, ukumbini, ghorofani, uani. Bi Mwanamkasi alishtuka japo alikuwa anazingoja, akashika ukingo wa kitanda.

Najat alikuwa juu anatandika. Walisikia miguu yake ngazini, inashuka mbio. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na mtu akishuka ngazi zile ndio unaomkabili. Miguu haikuelekea huko. Ilikata kushoto, ikaja ukumbi wa nyuma, na mlango wa chumba ukasukumwa ukagonga ukuta.

Aliingia peku, kichwa wazi, foronya ya mto bado iko mkononi. Aliuona moshi uliojaa chumbani, na hakuinua macho kumwona mumewe juu ya kigoda. Alimgeuzia mkwewe mgongo, akaivuta mikono yake miwili shingoni, akainama na kumbeba. Bi Mwanamkasi hakuwa mwepesi. Najat alikwenda naye hivyo hivyo akiyumba, bega likikwaruza ukuta, akafungua mlango wa uani kwa teke, na hakusimama mpaka alipofika kwenye kamba za nguo; hapo uzito ukamshinda, wote wawili wakaenda chini.

"Najat!" Nasri alitoka mbio, mashine ya nywele mkononi, waya unaburura. "Najat, ni majaribio! Hakuna moto!"

Najat alikuwa anahema. Aliitazama mashine yake, akamtazama mumewe.

"Majaribio?" alisema. "Ya nani? Mnanijaribu mimi?" Kisha akaangua kilio, kilio cha hasira na cha hofu iliyokuwa bado haijamtoka, akawa anapigapiga mchanga kwa ile foronya.

Bi Mwanamkasi alikuwa bado amemshika shingo. Wageni wa juu walikuwa wanatokea mmoja mmoja mlangoni, kwa hiyo aliuvua mtandio wake mwenyewe akamfunika Najat kichwa, akamfuta mchanga usoni kwa kiganja, akabaki yeye na mvi zake wazi mbele ya watu.

"Kakizime hicho," alimwambia mwanawe. "Ukimaliza, mpigie Samiha. Mwambie asinitandikie."